Upande Mwekundu wa Ubao

Siku ile Ndaki alirudi nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, akaketi kwenye kigoda cha barazani, akaanza kuvua mabuti yake ya mpira. Alivua la kushoto. Akaligonga chini mara mbili ili vumbi litoke, kama alivyofanya miaka yote, akaliweka kando. Binti yake Vumilia alikuwa jikoni akipepeta mchele. Alisikia buti likigongwa, akawa anasubiri la pili ligongwe ndipo amimine chai, kwa sababu ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa zikienda. Buti la pili halikugongwa. Akatoka na ungo mkononi. Baba yake alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayepumzika, mguu mmoja una soksi, mwingine una buti, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba mzee hakuteseka, na kwa hilo Vumilia alimshukuru Mungu siku ileile, kabla hata ya kulia.

Mama yake, Suzana, ndiye aliyekuta kadi kwenye mfuko wa shati wakati wakimbadilisha marehemu nguo. Kikaratasi kigumu kilichokunjwa katikati, kimeandikwa kwa penseli. Alimpa Vumilia bila kukifungua. Vumilia akakiweka ndani ya Biblia, wakaendelea na yaliyokuwa mbele yao.

Ndaki alikuwa mtunza uwanja wa gofu. Watu wasioujua mji wao hucheka wakisikia hivyo, kwamba kuna gofu nje kidogo ya Kahama, kati ya mashamba ya mpunga na barabara ya malori ya mgodi. Lakini uwanja upo. Ulianzishwa na watu wa migodini, nao walipohama mji ukaurithi, na siku hizi wanachama wake ni wafanyabiashara wa mchele, madereva wa mitambo mikubwa, walimu wawili na daktari wa meno. Mashimo ni tisa. Kule mwisho wa kila moja, panapochimbwa tundu la kutumbukizia kipira, hapana zulia la kijani kama wanavyoonyesha kwenye televisheni. Ni duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ambalo wenyewe huliita brauni, na husawazishwa kwa reki kila asubuhi. Ndiyo maana Ndaki alivaa mabuti hata wakati wa kiangazi.

Na kiangazi ndicho kilichokuwa adui yake. Kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za kwanza, nyasi hukauka zikawa kama mabua, na ardhi hupasuka kiasi cha kumeza kipira. Siku kama hizo mchezaji huruhusiwa kuinua kipira chake na kukiweka sehemu nzuri zaidi, urefu wa shubiri moja, wala si dhambi. Lakini uwanja ukiharibika kupita kiasi, au shimo likifupishwa sana, mchezo wa siku hiyo unabaki kuwa wa kufurahisha moyo tu. Kadi hazihesabiki kwenye hendikapu, yaani ile namba ya mchezaji inayosema ni mipigo mingapi ya ziada anayostahili kupewa ili ashindane sawasawa na mkali kuliko yeye.

Wa kuamua alikuwa Ndaki. Kila siku, jua linapochomoza, alitembea mashimo yote tisa akiwa na kamba yenye mafundo ya kupimia na daftari la kaunta. Akirudi aligeuza ubao uliotundikwa kwenye ukuta wa jengo la klabu. Upande mweupe, kadi za leo zinahesabika. Upande mwekundu, hazihesabiki. Kulikuwa na wakubwa waliowahi kumwomba, kwa utani na bila utani, augeuze kidogo tu. Aliwasikiliza kwa heshima zote, akawakaribisha chai, na ubao ukabaki ulivyo.

Yeye mwenyewe alicheza tangu ujana, alipokuwa akibeba fimbo za wengine. Alicheza vizuri kuliko wengi wao, lakini namba hakuwa nayo. Mwaka uliopita klabu iliingia kwenye mfumo wa kwenye simu, na katibu, mwanamke mchangamfu aitwaye Loveness, akasema wafanyakazi nao waandikishwe. Ndaki alikuwa na miaka sitini na miwili. Aliambiwa alete kadi sita za mashimo tisa tisa, zote za siku nyeupe, kila moja imesainiwa na aliyecheza naye, ndipo apewe namba. Alifurahi kama mtoto aliyepata kiatu kipya, ingawa aliificha furaha yake nyuma ya kukohoa. Kila Jumanne alfajiri alicheza na rafiki yake Bujiku, fundi pampu wa klabu, kabla wenye klabu hawajaamka. Kadi tano zilipatikana kabla kiangazi hakijakaza. Ikabaki moja.

Matanga yalipokwisha, Vumilia alifungua Biblia na kuisoma ile kadi. Mipigo thelathini na tisa. Aliijumlisha mara tatu kwa kidole. Baba yake hakuwahi kushuka chini ya arobaini na mbili. Chini kulikuwa na saini yake, herufi zilizosimama kama vijiti. Pa mwenzake palikuwa patupu.

Aliipeleka kwa Loveness mchana uleule. Hakwenda kuuliza, alikwenda kuomba. Alisema kwamba baba alikuwa anaisubiri kadi hii moja tu, na kama kuna njia, ihesabiwe. Loveness alifungua kitabu chake. Alikumbuka vizuri kwamba Jumanne ile alifika klabu saa sita, baada ya kupata taarifa ya msiba, na ubao ulikuwa mweupe, kwa hiyo aliiandika siku hiyo kuwa nyeupe. Kilichokosekana ni saini tu. Bujiku akaitwa kutoka kwenye pampu. Alikuja akijifuta mikono, akaitazama kadi kwa muda mrefu, na Vumilia akampa kalamu. Akasaini. Loveness akaingiza tarakimu kwenye simu, akageuza kioo ili Vumilia aone: nane nukta moja.

"Hata daktari wa meno hana nane," Loveness alisema, machozi yakimlengalenga. "Tutaisoma siku ya arobaini, mbele ya watu."

Vumilia alirudi nyumbani akiwa mwepesi, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala.

Asubuhi iliyofuata alianza kazi. Viongozi wa klabu walikuwa wamemwomba ashike nafasi ya baba yake hadi watakapokaa kikao, kwa kuwa alikuwa akimsaidia tangu shuleni na aliijua kamba na mafundo yake. Klabu ilikuwa imefungwa wiki nzima kwa heshima ya marehemu, na kwa desturi ya huku hakuna jirani aliyeshika jembe wala reki kabla ya maziko. Uwanja ulikuwa kama baba yake alivyouacha. Vumilia alitembea shimo la kwanza, la pili, akafika la saba. Hapo akasimama.

Vigingi viwili vya mbao vinavyoonyesha pa kuanzia kupiga, ambapo wachezaji hupaita tii, havikuwa mahali pake. Vilikuwa mbele sana. Nyuma yake, pale vinapokaa siku zote, kulikuwa na njia pana ya kwato, mpya, imekatiza kutoka upande wa mashamba hadi kwenye bwawa la klabu. Alipima kwa kamba. Hatua mia na kumi.

Akafungua daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa na mwandiko uleule wa vijiti: *Jumanne. Lambo la Maige limekauka. Ng'ombe wapite namba saba mpaka mvua. Tii mbele hatua 110. Nyekundu.*

Ngusa, mkata nyasi, alikuwa akifufua mashine yake karibu na stoo. Vumilia alimuuliza ni nani aliyegeuza ubao Jumanne ile. Ngusa hakuficha. Alisema ni yeye. Habari ilipofika kwamba mzee amefariki, aliutazama ule wekundu ukutani akaona haufai, rangi ile msibani haikai, watu watakuja kutoa pole wakute jengo linang'aa kama kitambaa cha harusi. Akaugeuza. Hakuwaza kadi wala namba. Aliwaza heshima tu.

"Nilikosea, dada?" aliuliza.

"Hukukosea," Vumilia alisema. "Ulifanya vizuri, kaka. Asante. Wabeja."

Na alimaanisha. Kisha akaenda kwenye ukuta, akaugeuza ubao ukawa mwekundu, kwa sababu ng'ombe walikuwa bado wanapita na shimo la saba lilikuwa bado fupi.

Hakumwambia Loveness. Siku hiyo alijiambia atamwambia kesho. Kesho yake Loveness alikuja na vitenge kwa ajili ya Mama Vumilia, akakaa naye barazani akimchekesha, na Suzana akacheka, kicheko kidogo kilichokatika katikati, cha kwanza tangu msiba. Vumilia alishindwa kufungua mdomo. Wiki ikapita. Kila alfajiri alitembea na kamba, kila alfajiri aliweka upande mwekundu kwa sababu ya shimo lilelile, na kila alfajiri alijua kwamba kuna kadi moja tu ya shimo hilo fupi iliyohesabiwa, nayo ni ya baba yake.

Wanachama hawakumsumbua. Hilo ndilo lililomchoma. Alidhani watamjaribu, msichana aliyeishia kidato cha nne anayewanyima siku zao. Badala yake walikuja, wakautazama ubao, wakavua kofia mbele yake kidogo, wakaenda kucheza kwa kufurahisha moyo. Dereva mmoja wa mitambo, aliyekuwa akihitaji kadi mbili tu ili akashindane Mwanza, alimwambia asijisikie vibaya, Mwanza haihami. Mwalimu mmoja alimletea kalamu tatu na daftari jipya. Maige, mwenye ng'ombe, alimtuma mkewe na kibuyu cha maziwa ya mgando kila Jumapili bila kukosa, akisema ni ya Mzee Ndaki, na kwa kuwa mzee hayupo basi wayanywe watu wake. Vumilia alishukuru kila mmoja. Na kila akishukuru alijiona kama mtu anayepokea kwa mkono mmoja huku mwingine ameuficha mgongoni.

Ijumaa, siku moja kabla ya arobaini, Loveness alimwita klabuni. Alikuwa ameagiza kibao cha mti wa mninga, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Juu yake, kwa rangi nyeupe: NDAKI, MTUNZA UWANJA, 8.1. Kitatundikwa ukutani, juu ya ubao uleule. Harufu ya rangi ilikuwa bado mbichi. Vumilia alisema ni kizuri sana. Kilikuwa kizuri kweli. Alikigusa pembeni, akaaga, akaenda moja kwa moja hadi kwenye pampu.

Bujiku alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine iliyofunguliwa, nati zake zimepangwa juu ya gunia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huko, utajipaka."

Hakusogea. Alimuuliza kama Jumanne ile, walipoanza kucheza, ubao ulikuwa wa rangi gani.

Bujiku alifuta spana taratibu, upande huu na upande ule. "Ulikuwa mwekundu," alisema. "Tulivisogeza pamoja vile vigingi vya namba saba. Mimi nilishika mwisho wa kamba."

"Na bado ulisaini."

"Aliyenipa kalamu ni wewe."

Hakusema kwa ukali. Vumilia aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bujiku naye akaacha spana, akaanza kueleza. Alisema Maige alikuja jioni ya Jumatatu, lambo lake limekauka, ng'ombe arobaini wanalia kwa kiu. Njia fupi ya bwawani ilikuwa kupita namba saba. Ndaki alijua kabisa kwamba akiwaruhusu, uwanja utakuwa mwekundu hadi mvua, na kadi yake ya sita itasubiri hadi mvua. Aliwaruhusu hata kabla Maige hajamaliza kuomba. Alfajiri akasogeza vigingi, akaandika, akageuza ubao, ndipo wakaenda kucheza kwa sababu Jumanne ni Jumanne. Na siku hiyo, sijui Mungu alimpa nini, kila alichopiga kilienda. Shimo la tano alitumbukiza kutoka mbali kama anarusha jiwe kwenye ndoo.

"Tulipofika mwisho nikajumlisha, nikamwambia, Ndaki, thelathini na tisa. Nikamwambia, mtu mzima, kageuze ule ubao, hakuna mwanachama aliyefika bado, nani atajua?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Ng'ombe wanajua.'" Bujiku naye alitabasamu. "Halafu akasema nisisaini. Kadi ya siku nyekundu haisainiwi, anaiweka tu kumbukumbu, aje amwonyeshe Vumilia. Alitaka uione wewe. Alikuwa anakimbilia nyumbani, mwanangu. Si kawaida yake kutembea haraka vile, nikamtania, nikamwambia mbona unakimbia kama unadaiwa."

Vumilia alifunika uso kwa viganja. Siku zote hizi alikuwa akifikiri kwamba kadi ile ilikuwa inaelekea kwa Loveness. Kumbe ilikuwa imeshafika ilikokuwa inakwenda, tangu saa mbili na nusu, barazani, kabla ya buti la pili.

Arobaini ilikuwa Jumamosi. Kabla watu hawajajaa, Vumilia alimvuta Loveness nyuma ya nyumba, penye masufuria, akampa daftari lililofunguliwa. Akamwambia yote, ya Ngusa na ubao, na ya kwake mwenyewe kunyamaza mwezi mzima. Alisema anaomba radhi, na kwamba hakuna zawadi aliyowahi kupewa inayozidi kile kibao, ndiyo sababu alichelewa.

Loveness alisoma mstari ule. Akasoma tena.

"Unajua nilimbembeleza fundi mara tatu ndipo akakubali kumaliza jana?" alisema. "Na mimi ndiye niliyemkaripia kwamba nukta ni ndogo."

"Najua, dada. Nisamehe."

"Mfyuu. Baba yako huyu." Akafunga daftari, akaliweka kifuani. "Hata akiwa kaburini ananigeuzia ubao."

Akatoa simu yake palepale, huku moshi wa kuni ukimwingia machoni, akaifuta kadi ya sita. Vumilia aliona nane nukta moja ikitoweka. Aliogopa kwamba ataumia. Hakuumia kama alivyotarajia. Ilikuwa kama kutua ndoo iliyokuwa kichwani.

Baada ya sala ya katekista, Loveness alisimama. Hakusoma namba yoyote. Alisoma mstari wa daftari kama ulivyoandikwa, pamoja na hatua mia na kumi, kisha akamwomba Bujiku asimulie mchezo wa asubuhi ile, shimo kwa shimo. Bujiku hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, lakini alisimulia, na alipofika kwenye ng'ombe wanaojua, watu walicheka hadi Suzana akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Maige alikuwa amekaa nyuma, karibu na zizi. Hakuwa amejua kwamba ng'ombe wake walimgharimu mtu chochote. Alinyanyuka, akavua kofia, akasimama hivyo hadi Bujiku alipomaliza. Dereva wa mitambo alimpisha kiti mbele.

Vumilia aliwatazama wote, akaona kwamba baba yake alikuwa ameacha watu wengi kuliko alivyodhani, na kila mmoja wao alikuwa amembeba yeye mwezi mzima bila kuombwa. Alipoitwa kutoa neno la familia alisema asanteni, akarudia asanteni, akashindwa kuendelea. Wakampigia makofi kana kwamba amehutubia.

Kile kibao kilirudi kwa fundi. Namba ilifunikwa kwa rangi ya mti, ingawa ukikitazama kwa upande jua likiwa chini utaiona. Kimetundikwa pale kilipopangiwa. Kwenye simu ya Loveness jina la Ndaki bado limo, lina kadi tano, na mahali pa namba pana kistari.

Kikao kilikaa mwezi wa kumi na kumwachia Vumilia kazi. Mvua bado. Kila siku saa kumi na mbili na nusu anatembea mashimo tisa na kamba yenye mafundo, anasimama namba saba ng'ombe wa Maige wamalize kupita, anaandika kwenye daftari, kisha anarudi ukutani. Leo ubao ni mwekundu.